Tupeane uzoefu: Aliyerudi kutoka vitani, mliishi naye vipi nyumbani?

Kyaka Juu (mwanzisha uzi):
Wakuu, salaam. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, waliokufa vitani wanawekewa mkuki na ngao, shada la maua, na tarumbeta inapigwa. Safi kabisa. Mimi nauliza habari za waliorudi.

Naanza na baba mdogo. Alichukuliwa mgambo mwishoni mwa 1978 nduli Idi Amin alipovamia Kagera, akatembea kwa miguu na wenzake hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Vita vilipoisha akarudishwa uraiani, akashika jembe. Usiku halali. Anazunguka migombani na panga mpaka alfajiri, mchana ndipo anajilaza. Kijiji kizima kiliibiwa ndizi, sisi hata mkungu mmoja haukupotea, kwa hiyo watu wakamsifu tu kwamba jeshi limemfunza ulinzi! Mama mdogo ndiye aliyejua. Alikuwa anaamka saa tisa usiku, anampelekea uji huko huko shambani, anakaa naye bila kuuliza kitu.

Aliyemsaidia hasa ni mwenzake wa kijiji cha pili. Akija, wanakunywa rubisi kidogo na kucheka: viatu vilivyoachia soli njiani, njaa, yule aliyebeba kuku mgongoni kuelekea Masaka. Mabaya hawakuyagusa mbele yetu. Ila usiku ule mzee analala.

Karibuni. Majina na vikosi tusitaje.

Mama Wawili:
Asante mkuu. Mume wangu alikwenda Kongo kulinda amani. Akiwa kule alipiga simu kila siku, aliporudi akanyamaza. Watoto wakikimbia sebuleni anapandisha hasira. Nikimgusa usingizini anarusha mkono kabla hajafumbua macho, nikajifunza kusimama mlangoni na kumwita jina.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni pesa. Ukoo mzima ulijua "ametoka UN". Mwenyewe amejifungia chumbani, huku simu inaita: mchango wa harusi, ada ya mtoto wa binamu, mkopo wa bodaboda. Akisema hana, anaitwa mchoyo. Nikamwomba simu, nikawa napokea mimi. Shemeji zangu walinichukia, na hadi leo wengine hatusalimiani vizuri. Lakini ule mwezi ndio alianza kula mezani na sisi. Baadaye mwenzake wa kikosini, siyo mimi, ndiye aliyemshawishi aonane na mtaalamu.

Chuma cha Pua:
Mwanajeshi kaapa kufa. Hizi saikolojia mnaleta za wazungu. Wazee wetu walipigana, wakarudi, wakalima. Basi.

Nesi wa Zamu:
Chuma cha Pua, soma tena habari ya mzee wa migombani. Analima, ndiyo. Analala?

Nafanya kazi wodi ya afya ya akili. PTSD, yaani maradhi ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa Marekani mwaka 1980, kwa msukumo mkubwa wa askari wao waliotoka Vietnam. Wazee wengi wa vita vya Kagera walikuwa wameshafika nyumbani. Wengi waliitwa walevi, wakali au waliorogwa, kwa sababu jina lingine halikuwepo.

Kumbukumbu ya namna hii inakuja kama tukio linatokea sasa hivi, na mwili unajibu hivyo hivyo. Ipo tiba moja ya kusimulia ambayo imejaribiwa kwenye kambi za wakimbizi Uganda, na kwa waliokuwa wapiganaji mashariki mwa Kongo. Mtu anatandika kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye jema anaweka ua, penye baya jiwe. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kila jiwe pole pole: ulikuwa wapi, ulisikia nini, mwili ulifanyaje, hadi tukio likae mwaka wake na mahali pake. Kambini Uganda hata wakimbizi wenyewe walifundishwa kuiendesha, kwa hiyo hiyo hoja ya uzungu iache.

Dawa pia zipo, daktari ndiye aandike. Diazepamu ya kununua dukani ili mtu alale, hapana. Na msimlazimishe kusimulia siku ya kwanza tu anaposhuka kwenye gari.

Mstaafu wa Mbagala:
Mimi nilikuwa Kongo. Siku kambi yetu ya Semuliki iliposhambuliwa, Desemba 7, 2017, sikuwepo pale, lakini kuna niliokula nao sahani moja waliobaki kule. Woga unapungua. Lile swali la kwa nini wewe umerudi ndilo linalokaa. Pombe ilinipa usingizi mwanzoni, halafu ikaudai wote na riba. Nilichoweza ni kwenda kumsalimia mama wa marehemu mmoja. Niliogopa atauliza alikufaje. Akauliza kama kijana wake alikuwa anakula vizuri. Sasa naenda kila Idi.

Jamaa wa Eldoret:
Poleni ndugu zangu. Huku kwetu Kenya ni Somalia. Kaka yangu alikuwa kambi nyingine wakati kambi ya askari wetu ya El Adde iliposhambuliwa, Januari 2016. Aliporudi babu alikataa aingie bomani mpaka wazee wakae naye na kondoo achinjwe. Pasta akanuna. Kaka anasema siku hiyo ndiyo alihisi amefika. Kliniki bado anaenda.

Nesi wa Zamu:
Aendelee na vyote. Pasta atazoea.

Bibi Mtarajiwa:
Wangu anaondoka mwezi ujao. Nianzie wapi?

Mama Wawili:
Kabla hajapanda gari, kubalianeni kuhusu fedha, na awaambie ndugu zake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba wewe ndiye utakayejibu. Chukua namba ya mke wa mwenzake mmoja anayeondoka naye. Akirudi, wageni wasubiri. Njoo PM nikwambie mengine, hapa mashemeji wanasoma.