Mwezi mwandamo: hesabu za wanafizikia zitumike kukataa ushahidi?

Hoja: Kila mwisho wa Ramadhani huzuka mvutano. Mtu anasema kauona mwezi, mwanafizikia anasema jioni hiyo haukuweza kuonekana. Asikilizwe nani?

Mwanafalaki: Hesabu zikatae, zisithibitishe. Mwezi ukishazaliwa, yaani ukishalipita jua na kuanza mwandamo mpya, hujitenga na jua kwa takriban nusu digrii kila saa. Ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua, ukingo unaomulikwa ni mwembamba mno kwa jicho. Mpaka huo aliueleza Mfaransa André Danjon miaka ya 1930. Chukueni 20 Aprili 2023, siku jua lilipopatwa kule Australia. Mwezi ulizaliwa saa 1:13 asubuhi kwa saa zetu. Magharibi inaingia Dar es Salaam, umri wake ni saa 11 tu na digrii 7 hazijatimia. Aliyesema kauona kwa macho matupu jioni ile hakuuona mwezi.

Ustadhi wa Pwani: Ndugu yangu, hadithi iko wazi: fungeni kwa kuuona, fungueni kwa kuuona, na mkifunikwa na mawingu kamilisheni 30. Mvuvi hakuombwa awe na kompyuta. Na mbona nyinyi wenyewe hampatani? Waturuki wanataka digrii 8 kutoka kwenye jua na kimo cha 5 juu ya upeo. Malaysia na Indonesia 6.4 na kimo cha 3.

Mwanafalaki: Wanatofautiana juu ya lini mwezi utaonekana, Ustadhi, na hapo huamua unyevu wa bahari, vumbi na jicho lenyewe. Kwenye utata huo hesabu zinyamaze, shahidi asikilizwe. Ila juu ya lisilowezekana hawatofautiani. Mwanachuoni Taqiyuddin as-Subki, aliyefariki 1355, alikwisha kusema ushahidi unaopingana na hesabu ya yakini urudishwe.

Mwalimu wa Fizikia: Lawama nyingine ni yetu. Wapo wanaotangaza namba zilizopimwa kutoka katikati ya dunia badala ya pale aliposimama shahidi, na mwezi uko karibu kiasi kwamba kosa hilo hufika karibu digrii nzima. Halafu tunatoa kauli usiku wa tangazo, watu wameshagawanyika. Kazi yetu yenye faida ni kumsaidia kadhi kuhoji. Uliuona dakika ngapi baada ya jua kuzama? Kushoto au kulia mwa lilipozama? Ngumi ngapi juu ya upeo? (Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10.) Pembe za mwezi, zile ncha zake mbili, zilielekea wapi? Upande wenye mwanga hulielekea jua daima, kwa hiyo anayesema pembe zilitazama chini ameona kipande cha wingu au mkia wa moshi wa ndege. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi huzama karibu wima, kila digrii ya kimo ni dakika 4 hivi. Ukiwa na kimo cha digrii 5 jua linapozama, hauwezi kukaa angani dakika 40. Na darubini isielekezwe upande wa jua kabla jua halijazama lote, inapofusha.

Ustadhi wa Pwani: Maswali hayo, Mwalimu, nayakubali, kadhi wa zamani naye alihoji. Basi leteni jedwali wiki moja kabla, kwa Kiswahili, mji kwa mji: Lamu, Unguja, Tanga, Kigoma. Kauli ya mwisho ibaki kwa kadhi.

Mwalimu wa Fizikia: Ibaki kwake. Ila jedwali litaibua swali jingine: Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar, na mwezi hupata theluthi ya digrii zaidi. Ukionekana Kigoma pekee, wa Lamu wafungue?