Mrejesho: kituo cha kuacha mbwa mchana

Wakuu, niliuliza kituo kizuri cha kuacha mbwa mchana kinatambulikaje. Asanteni sana, majibu yenu nimeyachambua.

Kituo makini hakipokei mbwa bila kadi ya chanjo: kichaa, distempa (homa kali ya virusi vya mbwa), parvo (virusi vya kuharisha damu) na kikohozi cha mbwa. Mbwa mgeni hasukumwi kundini. Hukutanishwa kwanza na mbwa 1 mtulivu, kola zimevuliwa, maana wakichezeana shingoni jino hunasa kwenye kola na mwenzake akakabwa. Wadogo hutengwa na wakubwa.

Usafi ndipo wengi wanapokosea. Jiki ikimwagwa juu ya kinyesi haiui parvo, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu. Zoa, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo upake jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30. Sakafu ibaki imelowa dakika 10 nzima, kisha suuza tena, la sivyo nyayo za mbwa zinaungua.

Chakula, kila mbwa peke yake. Na mchana walazwe, jamani! Mbwa anayechezeshwa kutwa bila kupumzika ndiye anayeanzisha ugomvi jioni. Hilo la kulala liulizeni kabla ya bei.