Siku ya kukaa Horombo: kitabu gani kiingie begini?

TarakeaKwetu
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao naenda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku 6, kwa hiyo kuna ile siku ya kukaa Horombo (mita 3,720) mwili uzoee. Walionitangulia wanasema asubuhi mnatembezwa hadi Zebra Rocks, saa saba mmesharudi, na kuanzia hapo hadi chakula cha jioni ni kuangaliana tu. Nataka kitabu kimoja cha karatasi, maana simu naitunza kwa picha za kileleni na baridi inakula chaji. Nimebakiwa na vitatu: *Into Thin Air* cha Krakauer, *Touching the Void* cha Simpson na *No Picnic on Mount Kenya* cha Benuzzi. Waliovisoma nipeni ulinganisho, si majina tu.

Kamba_Lukenya
Benuzzi, hata hakuna haja ya kura. Mimi wikendi napanda miamba Lukenya, na hadi Jumatano vidole havishiki hata kikombe vizuri, kwa hiyo vyote vitatu nimevisomea kwenye kochi.

Huyu alikuwa mfungwa wa vita, Mwitaliano, kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Siku moja mawingu yanafunguka, anauona Mlima Kenya, na kuanzia hapo hana raha. Anatafuta wenzake wawili, wanaanza kutengeneza vifaa kwa siri: nyundo zinageuzwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vinakuwa meno ya kufunga chini ya buti, kamba zinatoka kwenye nyavu za vitanda. Ramani hawana. Walichonacho ni picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama! Januari 1943 wanatoroka. Mmoja ni mgonjwa, anabaki kambi ya chini. Batian, kilele cha juu kabisa, inawashinda, wawili wanafika Lenana, kilele kidogo cha jirani, na kusimika bendera, halafu (hapa huwa nacheka kila nikifika) wanarudi gerezani kwa miguu yao wenyewe. Adhabu ni siku 28 za kufungiwa peke yao, kamanda anazipunguza hadi 7 kwa kuheshimu uanamichezo wao.

Zile sehemu za kugawana chakula kilichobaki, ukizisoma huku mpishi anakuletea chai na bisi, utaona aibu kidogo.

NesiWaZamu
Naunga mkono Benuzzi, ila nimekuja kumwonya ndugu yetu kuhusu Krakauer. Kwa kuandika anawazidi wote hao, sikatai. Lakini habari yenyewe ni Everest, Mei 1996, watu wanane wamekufa kwenye dhoruba moja, na njia nzima ni kukohoa, kichwa kuuma na watu kuchanganyikiwa kwa kukosa hewa. Mimi nilikisomea hapohapo Horombo. Usiku kichwa kikaanza kunigonga, kidogo tu, nikajihesabia dalili moja baada ya nyingine kama niko wodini, mpaka nikamwamsha dada tuliyelala naye kibanda kimoja. Swali lake lilikuwa moja: "Umekunywa maji?" Tangu saa kumi jioni sikuwa nimegusa chupa. Nikanywa nusu lita, nikalala.

(Kichwa kisipoacha, mwambie kiongozi wako. Usijitibu kwa kitabu.)

MzeeWaRongai
Nesi, kuhusu usiku uko sahihi. Ila Krakauer ukimsoma peke yake, chini au juu, umesikiliza upande mmoja wa kesi. Anamsema kiongozi mmoja, Anatoli Boukreev, kwa kupanda bila oksijeni na kushuka mbele ya wateja wake. Boukreev akajibu kwa *The Climb*, mwaka uleule wa 1997. Kalamu yake kavu kama ugali wa jana, lakini ndiye aliyetoka usiku ule peke yake kwenye dhoruba na kuwarudisha watu watatu hemani. Mimi nilivisoma kwa kupokezana, sura hapa, sura pale, na hadi leo sijaamua nani nimwamini. Hivyo ni vya wiki nzima ya mapumziko, si mchana mmoja.

Simpson ni habari ya Peru, 1985: mguu wake umevunjika, mwenzake analazimika kukata kamba inayomshikilia, naye Simpson anatambaa siku kadhaa kurudi kambini. Ubaya wake ni kwamba hakiwekeki chini. Ukianza saa nane, kabla ya supu umemaliza, na kesho huna cha kusoma. Halafu hofu kidogo inapungua ukikumbuka kwamba aliyeandika ni yeye mwenyewe.

MgumuMstaafu
Nimebeba mizigo miaka kumi na moja kabla ya kupata leseni ya uongozaji. Vitabu vya wageni sisi tunavijua kwa uzito. Nilimbebea mmoja kitabu cha jalada gumu kutoka getini hadi kibanda cha Kibo na kurudi, hakukifungua hata siku moja. Nilitamani nimsimulie mimi kilichomo.

Pendekezo langu halimo kwenye orodha yenu: *Man of Everest*, maisha ya Tenzing Norgay, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest, kimetoka 1955. Yeye hakujua kuandika, alimsimulia James Ramsey Ullman. Alianza 1935 kama mbeba mizigo, mgumu kama sisi. Msome anapofika Kathmandu mwaka 1953, Washerpa, wenyeji wa Himalaya, wanapewa gereji ya ubalozi wa Uingereza walale, wakati wazungu wa msafara wako ndani. Hiyo Krakauer hawezi kukuandikia.

BintiPangani
Asante Mstaafu. Mimi linaloniuma ni hili: Mjerumani Hans Meyer alifika kilele cha Kibo mwaka 1889 na kitabu chake kipo. Aliyebaki naye kambi ya juu akipika alikuwa Mwini Amani, mtu wa kwetu Pangani. Baridi ile, mtu aliyezoea joto la pwani! Yeye hakuacha ukurasa.

TarakeaKwetu, mbona orodha nzima ni Kiingereza? Beba *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Nchi yenyewe inaelea angani, wajumbe sita wanatumwa pande zote hadi mbinguni na ardhini, wakirudi na habari wanatupwa gerezani. Chembamba, kinaingia mfuko wa jaketi. Ukitaka kinene, kuna *Peponi*, ile *Paradise* ya Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, ila hicho kisubiri chini.

Kamba_Lukenya
Kusadikika tulikisoma shuleni kwa viboko. Wengine hatujapona.

BintiPangani
Kisome tena bila mtihani, kaka.

TarakeaKwetu
Nimewasikia. Benuzzi begini, *Kusadikika* mfukoni, Krakauer atanisubiri Moshi. Tenzing nitamtafuta kwa wauza vitabu vya mitumba Posta. MgumuMstaafu, nikimaliza Benuzzi nikimwachia mpishi wetu pale Horombo itakuwa sawa?

MgumuMstaafu
Benuzzi shuka naye. Mwachie hicho cha Shaaban Robert. Jikoni usiku tunakuwa watu kumi na wawili na tochi moja, mmoja anasoma, waliobaki wanasikiliza.