Spidi ya Bolt: 37 au 44?

kidato_4: Wakuu habari za jioni. Bolt pale Berlin 2009 alipiga mita 100 kwa sekunde 9.58, mi nimegawa nikapata mita 10.44 kwa sekunde, zidisha 3.6 inakuja kama kilomita 37.6 kwa saa. Sasa mbona kila mtu anasema jamaa alifika 44? Na hiyo 44 naweza kuipata kwa v = u + at, yaani spidi ya mwisho ni ya kuanzia jumlisha mchapuko (spidi inavyoongezeka kila sekunde) mara muda?

mzee_wa_kijiwe: Dogo hiyo ni wastani tu, imebeba mpaka muda aliokuwa bado kainama pale chini, maana bunduki ililia akakaa sekunde 0.146 ndo akachomoka. Chukua muda wa kila mita 20: 2.89, 1.75, 1.67, 1.61, 1.66. Kuanzia 60 mpaka 80 ndo moto wenyewe, 20 gawa kwa 1.61 ni 12.42, sawa na kilomita 44.7 kwa saa. Halafu cheki kipande cha mwisho, hata yeye spidi ilishaanza kushuka.

tuisheni_ya_jioni: Hiyo v = u + at hapa iache, ni ya mchapuko usiobadilika. Ukibisha jaribu: 2.89 toa 0.146 inabaki 2.744, kaanza na sifuri kwa hiyo umbali s = ½at², s ni 20, mchapuko unakuja 5.3, zidisha na muda unapata mita 14.6 kwa sekunde akiwa mita ya 20 tu!! Hiyo ni kilomita 52 na ushee, spidi ambayo hakuifikia mbio nzima. Hatua za kwanza ndo zinasukuma sana, baadaye mchapuko unazidi kupungua mpaka unafika sifuri. Mtihani ukisema mchapuko haubadiliki itumie, ila kwa mtu anayekimbia kata vipande vipande kama mzee alivyofanya.

wa_kasarani: Na Omanyala wetu na 9.77 yake ya hapa Nairobi 2021, angeachwa mita ngapi?

mzee_wa_kijiwe: Bolt akigusa mstari, Omanyala bado ana sekunde 0.19 za kukimbia. Mpe spidi ya mita 11.5 hivi kwa sekunde, ni kama mita 2.2. Usizidishe na ule wastani wake wa 10.2, pale mwishoni mtu yuko juu ya wastani.

wa_kasarani: Mita mbili tu? Aii, si basi ni kitanda kimoja hicho

kidato_4: Asanteni wakuu. Kwa hiyo nikitoa ile 0.146 kwenye 9.58 wastani unapanda kuwa 10.6?

tuisheni_ya_jioni: Ndiyo, 10.6, kama 38 kwa saa.