Tupeane uzoefu: kipindi gani cha TV kiliwahi kugeuka kuwa mtu wa nyumbani kwenu?

Saa ya Ukutani
Wakuu, habari za jioni. Nimesikia kutoka dirisha la jirani ule muziki wa kufungulia tamthilia niliyoifuatilia utotoni, na mkono ukaenda wenyewe kutafuta rimoti. Nimebaki nimesimama katikati ya sebule, sina hata hamu ya kuwasha TV, nina hamu ya watu.

Kwetu muziki ule ndio ulikuwa saa. Ukianza tu, aliye bafuni anatoka na povu masikioni, mwenye daftari la hesabu analifunga, mama anapunguza moto jikoni. Hakuna aliyeuliza "saa ngapi?" Tulikuwa tunaulizana "imeshaanza?" Mama ametangulia, nyumba ile wanakaa watu wengine, lakini mwili wangu bado unaijua saa mbili na nusu bila kutazama popote.

Nyie wenzangu je? Tafadhali msilete orodha ya tamthilia kali, nyuzi hizo zipo tele. Leteni namna kipindi kilivyoishi na nyie.

Asiyelala
Hapo kwenye povu masikioni umenikamata. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, yaani neno kwa neno.

Mwanafunzi wa Kudumu
Saa ya Ukutani, hilo la kipindi kuwa saa Wajapani wamelifanya kwa makusudi. Shirika lao la NHK limekuwa likirusha tamthilia fupi za asubuhi tangu 1961, na kwa miaka mingi sasa zimekuwa za dakika 15 tu kila sehemu. Mtu anakunywa chai, anavaa soksi, sehemu ikiisha anajua ni wakati wa kutoka. *Oshin* ya mwaka 1983 ilitoka kwenye mfululizo huo huo, halafu ikazunguka nchi nyingi. Nikiwaza watu wa mabara tofauti wakifunga vifungo vya shati huku wakimwonea huruma msichana yule yule, Oshin, nafarijika sana.

Fundi Umeme
Mimi nipo upande wa pili wa ukuta, umeme ndio unaonipa mkate. Nilipokuwa najifunza kazi, mwalimu wetu alitueleza habari ya Uingereza sijawahi kuisahau. Tarehe 4 Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia, England na Ujerumani Magharibi, mpaka penalti. Zilipoisha tu, mahitaji ya umeme yakapanda ghafla kwa megawati 2,800. Watu walikuwa wamebana kiti kwa zaidi ya saa mbili, wakainuka wote mara moja kuwasha mabirika na taa. Wenzetu kule walikuwa na mtu wa zamu anayefuatilia ratiba ya TV ili ajue tamthilia kubwa inaisha dakika gani, na mitambo ya umeme wa maji iwe tayari kufunguliwa.

Tangu siku ile, kila nikiwa zamu ya jioni siangalii mshale wa mita ya umeme peke yake. Ukipanda dakika ambayo tamthilia inakwenda matangazo, najua hapo kuna mama kaenda jikoni na mtoto katumwa maji. Naipenda kazi yangu zaidi kwa sababu hiyo.

Saa ya Ukutani
Fundi, umenitoa machozi na megawati. Asante.

Mlezi wa Wawili
Mimi kipindi kilinisaidia siku niliyoishiwa maneno. Baba yangu alipofariki, mwanangu mdogo alikuwa na miaka minne, na kila jioni anauliza babu atarudi lini. Ndugu walikuwa wanamwambia babu amesafiri. Mtoto akawa anakaa mlangoni na viatu vyake.

Rafiki akanielekeza sehemu moja ya *Sesame Street*, kipindi cha watoto cha Marekani, ya Novemba 1983. Mwigizaji Will Lee, aliyekuwa mwenye duka mzee Bwana Hooper, alifariki mwaka 1982. Wenye kipindi wangeweza kusema amehama. Waliamua kuwaambia watoto ukweli. Lile ndege kubwa la manjano, Big Bird, limemchorea kila mtu picha yake, linataka kumpa Bwana Hooper ya kwake, na wakubwa wanalieleza polepole kwamba alikufa na hatarudi. Linauliza kwa nini iwe hivyo. Wanalijibu: kwa sababu ndivyo ilivyo.

Nilikaa na mwanangu tukaangalia, mimi nikitafsiri. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo babu naye hana safari." Akaenda kuvivua viatu. Nililia kwa kuchelewa kwangu. Hadi leo sikubali mtu amdanganye mtoto kuhusu msiba, awe ndugu au nani.

Kiti cha Nyuma
Pole sana dada. Hiyo ya viatu itakaa na mimi.

Jumatano Tu
Mimi nasema wazi: hivi vitu vilikufa siku walipoanza kuachia msimu mzima kwa mpigo. Februari 2013 Netflix walimwaga sehemu 13 za *House of Cards* kwa siku moja, na tangu hapo mtu anameza msimu usiku mmoja, kesho hakumbuki hata jina la mhusika. Kipindi kinaingia kwenye maisha kwa sababu ya kusubiri. Mhusika J.R. alipopigwa risasi kwenye *Dallas*, tamthilia ya Marekani, Machi 1980, watu walikaa mpaka Novemba ndipo wakaambiwa ni nani. Miezi minane! Sehemu ile ya jibu iliangaliwa na watu wapatao milioni 83 Marekani peke yake. Kusubiri ndiko kulikowaunganisha.

Asiyelala
Jumatano Tu, usiwasemee wengine. Mimi ninauguza, zamu zangu hazina Jumatano wala Jumapili. Kipindi cha kila wiki nilikuwa nakisikia kwa wenzangu kama harusi ambayo sikualikwa. Sasa nikitoka zamu alfajiri najifunika shuka na sehemu tatu zangu, na wahusika wale ndio watu wa kwanza kunisemesha bila kulalamika maumivu. Hayo nayo ni maisha ya kila siku.

Jumatano Tu
Sikukulenga wewe. Nawalenga wanaomaliza usiku huo huo halafu asubuhi wanatusimulia mwisho kwenye kundi la familia.

Kiti cha Nyuma
Hao wa kusimulia mwisho nami nawachukia. Shemeji yangu aliniharibia msimu mzima kwa sentensi moja mezani. Nimemsamehe ila sijasahau.

Shuka Nyeupe
Naomba ushauri na mimi. Mume wangu alifariki tukiwa katikati ya msimu. Tulikuwa tumebakiza sehemu tatu. Miaka miwili sasa sijaziangalia. Kila nikifungua, mashine inaniuliza kama nataka kuendelea pale nilipoishia, na pale nilipoishia yeye alikuwa amelala na kichwa begani kwangu, nikasimamisha ili asikose. Wanangu wananiambia niangalie nimalize. Mniambie nyie.

Fundi Umeme
Usiangalie. Acha palepale.

Mlezi wa Wawili
Angalia mama, lakini usiangalie peke yako. Waite wanao.

Jumatano Tu
Moja kila mwaka, tarehe yake. Una miaka mitatu hapo.

Mdogomtu
Nilikuwa nasoma tu, sikupanga kuandika. Mimi na kaka yangu tulikosana siku tatu baada ya kumzika baba, kwa sababu ya karatasi fulani. Miaka sita hatukusemezana. Kilichobaki ni tamthilia moja ya Alhamisi tuliyoianza watatu, baba akiwa hai. Kila sehemu ikiisha, mmoja anamtumia mwenzake ujumbe mmoja. "Yule mwanasheria anadanganya." Mwenzake anajibu, "Nilijua tangu wiki jana." Basi, mpaka Alhamisi nyingine. Tamthilia yenyewe ikaisha mwaka juzi.

Kiti cha Nyuma
Ikaisha, halafu?

Asiyelala
Mkuu huwezi kuishia hapo. Nimeahirisha kulala.

Saa ya Ukutani
Tupo. Andika taratibu, hakuna anayekukimbiza.

Mdogomtu
Sawa. Wiki ya mwisho niliiogopa kama mtihani. Usiku ule nilizima taa, simu mapajani. Baba wa ile familia alikuwa amekosana na mwanawe mkubwa tangu msimu wa pili, na wote tulikuwa tunangoja wapatane. Dakika za mwisho mzee akasimama getini kwa mwanawe, kwenye mvua, shati limemganda mwilini. Taa ya ndani ikawaka. Geti halikufunguliwa. Majina yakaanza kupanda.

Nikaandika, "Angefungua tu." Nikafuta, maana lilikuwa linatuhusu sisi. Nikaandika, "Imeisha." Nikatuma. Akajibu, "Imeisha."

Alhamisi iliyofuata, saa ile ile, nilikuwa nimeshika simu. Nikaona juu ya jina lake imetokea "anaandika". Ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea. Hakuna kilichoingia. Nami nikaandika nikafuta, na bila shaka na yeye aliona hivyo hivyo. Ilikuwa hivyo Alhamisi tatu. Ya nne haikutokea kitu.

Baba tulimzika mchana, watu wamejaa, nililia nikashikwa mabega. Alhamisi ile ya nne nililia peke yangu, kwa sababu huyu yupo hai na namba yake ninayo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka sita tulikuwa tunaongea kweli. Kila nilipomtukana yule mwanasheria nilikuwa namwambia kaka kwamba bado nipo. Nadhani na yeye.

Mwambieni Ukweli
Watu wazima hamsemezani miaka sita ila mnapiga soga za tamthilia? Huo ni utoto. Mpigie simu yaishe.

Asiyelala
Usimwite mtu mtoto kwa jambo lililomuuma. Wewe hujawahi kununa?

Mwambieni Ukweli
Nimewahi, ndiyo maana nasema. Wangu alifariki kabla sijampigia.

Asiyelala
Samahani sana. Sikujua.

Mwanafunzi wa Kudumu
Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu mapenzi tunayokuwa nayo kwa watu wa kwenye TV, kwamba ni ya upande mmoja: mimi namjua, yeye hanijui. Nimeyasoma mara nyingi na nayakubali. Lakini stori ya Mdogomtu ina kitu kingine. Mwanasheria wa kwenye TV hakuwajua, sawa, ila alikuwa amebeba salamu za watu wawili wanaojuana tangu tumboni kwa mama.

Fundi Umeme
Mimi nasema piga simu. Sasa hivi.

Shuka Nyeupe
Usipige. Simu inamlazimisha mtu kujibu papo hapo. Mwandikie habari ya tamthilia ile ile, kama zamani, usitaje karatasi wala kaburi. Mlango wenu mnaujua nyie.

Kiti cha Nyuma
Au muanze nyingine mpya. Ila msichague yenye mwanasheria.

Jumatano Tu
Na leo ni Alhamisi, kama hamjaona.

Mdogomtu
Nimeona. Nimeandika hivi: "Unakumbuka mzee alivyosimama getini kwenye mvua?" Nimetuma kabla sijafuta.

Saa ya Ukutani
Tupo hapa.

Mlezi wa Wawili
Wanangu nimewalaza, nami nipo.

Asiyelala
Dakika ishirini sasa. Mkuu?

Mdogomtu
Amesoma.

Fundi Umeme
Subiri. Usiongeze neno.

Mdogomtu
Inatokea "anaandika". Imepotea.

Imetokea tena.

Shuka Nyeupe
Jamani.

Mdogomtu
Amejibu: "Haikuwa mvua. Mabomba ya bustani yalijifungulia yenyewe, yakammwagia mzee. Baba angekuwepo angekucheka."

Wakuu, ilikuwa mvua. Nakumbuka mpaka radi. Nimemwambia ni mvua, na yeye anakataa, anasema nikatafute sehemu ile tuiangalie wote, yeye kwake na mimi kwangu, saa tatu kamili. Nawaacha kidogo, sijui hata nimeihifadhi wapi.