Mama ana goti bovu: Orvieto au Civita di Bagnoregio?

Kijana_wa_Kuze
Assalaam alaykum. Dadangu yuko Roma kikazi, na mwezi wa tisa inshallah nampeleka mamangu akamwone. Tuna siku moja tu ya kutoka nje ya jiji, na mama ameng'ang'ania "mji ule wa juu ya jabali" aliouona kwenye simu. Nikitafuta napata miwili: Orvieto na Civita di Bagnoregio. Ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua. Hata mteremko wa feri pale Likoni humtoa jasho. Na nguruwe, hata harufu hataki. Mwenye kujua anielekeze.

Mzee_wa_Ngomeni
Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nimetembeza wageni Fort Jesus miaka mingi, na Kitaliano changu nimekiokota kwa wageni wa Malindi na Watamu. Mwaka juzi binti yangu alinialika huko kwao. Mpeleke mama Orvieto.

Treni ya kutoka Roma inasimama chini bondeni. Ukitoka stesheni, mbele yako kuna gari la kuvutwa kwa kamba ya chuma, wenyewe huliita funicolare. Mnapanda, linawavuta mpaka juu, na huko kuna basi dogo la kuwafikisha kanisa kuu. Goti halitajua kama mmekwea jabali. Ila tiketi ya treni ikiwa ya karatasi, igongeni kwenye kimashine kabla ya kupanda. Mimi nilisahau, kondakta akanisomea, na Kitaliano chote kikanitoka.

Pale gari linapofikia, hatua chache tu, kuna kisima: Pozzo di San Patrizio. Hapo nilipotelea, binti yangu akawa anapiga simu. Mwaka 1527 Roma ilivamiwa ikaporwa, Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto, akaingiwa na hofu: adui wakilizingira jabali, watu watakunywa nini? Akamwagiza Antonio da Sangallo achimbe. Ni zaidi ya mita 50 kwenda chini, na ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, ili nyumbu wanaoshuka wasigongane na wanaopanda na maji. Nilisimama chini kule nikaikumbuka ngome yetu, maanake nayo ilichorwa na Mtaliano, Cairati wa Milano. Wageni Wataliano nikiwaambia hunitazama kama nawatia chumvi.

Lakini ni vidato 248 kushuka na 248 kurudi. Mama akae juu kivulini, wewe teremka.

Kanisa lilianza kujengwa 1290, kuta zake zina mistari myeupe na myeusi kama kikoi. Wanataka mabega yafunikwe. Kwa buibui lake, mama hana neno.

Binti_Bondeni
Mzee kasema, lakini Civita nayo msiidharau. Tetemeko la 1695 liliubomoa vibaya, na udongo ulio chini ya mwamba unaendelea kumeguka. Wakaazi wa kudumu ungewapakia matatu moja. Shida ni daraja. Ndiyo njia pekee ya kuingilia, ni la miguu, halina kivuli, na mwisho wake linainuka kama paa. Tulilipa yuro 5 kulivuka, na mume wangu alipumzika mara tatu, naye hana goti bovu.

Chakula: Orvieto agizeni umbrichelli, tambi nene za kukandwa kwa mkono. Mwambieni mhudumu *senza maiale*, yaani bila nguruwe, kabla hajaandika chochote, kwa sababu guanciale, shavu la nguruwe, hujificha kwenye mchuzi. Mikate mingine ina strutto, mafuta ya nguruwe. Na kuleni kabla ya saa nane mchana. Jikoni nyingi hufungwa hadi jioni.

Mzee_wa_Ngomeni
Na mkiona *coperto* kwenye bili msigombane. Ni pesa ya kukalia meza. Mimi niligombana.

Kijana_wa_Kuze
Shukran sana Mzee, shukran dada. Nimemsomea mama yote. Kasema kisimani hateremki, ila hilo gari la kamba atalipanda mara mbili.