Mrejesho: Mashine ya kukimbilia, wiki ya tatu

Wakuu, mtanikumbuka: nimezoea kukimbia alfajiri pale Coco Beach, masika yakanifukuzia jimu, na huko nikawa nahema dakika ya 8 tu. Nikishuka, sakafu inatembea. Ndipo nikawaomba ushauri hapa.

Kosa lilikuwa spidi. Nilikuwa naweka 10 (kilomita kwa saa) papo hapo, eti ndiyo spidi yangu ya nje. Wapi! Nje napunguza bila kujua kila bajaji ikikatiza. Mkanda hauna huruma hiyo. Sasa natembea kwa 5 kwanza, dakika tano, ndipo napanda hadi 8, mwinuko asilimia 1. Nimeacha kung'ang'ania vyuma vya pembeni na kutazama miguu. Kizunguzungu kimepungua sana tangu nianze kumalizia kwa kutembea badala ya kuzima ghafla.

Joto ndilo bado. Upepo hakuna, natota kama nimemwagiwa ndoo, kwa hiyo nawahi mashine iliyo chini ya feni.

Ile kamba nyekundu ya usalama niliidharau, ila mlisisitiza nikaibana kwenye fulana. Jumanne nikageuka kuchukua chupa ya maji, nikayumba, kamba ikachomoka kwenye mashine, nayo ikasimama. Jana nimemaliza dakika 25. Asanteni.